Mbuzi Kwenye Gunia Lisilofunguliwa

Fomu nyingi za kudai waranti zina swali moja linalofanana. Linakuja baada ya jina, namba ya simu na namba ya kifaa, na linauliza hivi: je, kifaa kimewahi kugusana na maji, unyevu au jasho? Majibu ni mawili tu, ndiyo au hapana, na pembeni hakuna nafasi ya kuandika kitu kingine. Wengi wetu tunalipita kama tunavyopita masharti ya programu za simu. Mimi limenikaa kichwani miezi kadhaa sasa, na naomba leo tuweke riwaya na mashairi pembeni kidogo tulitazame, maana ndani yake naona swali la zamani sana la maadili: kitu kikiharibika, nani anadaiwa ukweli?

Tuanze na neno lenyewe. Mtaani tunasema waranti, wengine garantii, na kwenye maandishi ya heshima tunaandika dhamana. Ni dhamana hiyohiyo ambayo ndugu wa mtuhumiwa wanaihangaikia pale kituo cha polisi, na ndiyo hiyohiyo wanayoitaja viongozi wakishaapishwa, kwamba cheo ni dhamana. Neno limetoka kwenye Kiarabu, na katika fikihi linahusu kubeba hasara: mwenye dhamana ni yule ambaye kitu kikiharibika, hasara inalala kwake. Ipo hadithi mashuhuri aliyoiandika Abu Dawud, kwa mapokezi ya Bibi Aisha, kuhusu mtu aliyenunua mtumwa, akamtumikisha kwa muda, kisha akamkuta na kasoro, akamrudisha. Muuzaji akalalamika kwamba mtumwa wake ameshafanyishwa kazi. Uamuzi ukawa kwamba faida inamfuata mwenye dhamana. Mafakihi wanaeleza hivi: mtumwa yule angefia mikononi mwa mnunuzi, hasara ingekuwa ya mnunuzi, kwa hiyo na matunda ya kazi ni yake.

Warumi nao walifika karibu na hapo kwa njia yao. Maafisa waliosimamia masoko ya Roma walitoa amri kwamba anayeuza mtumwa au mnyama lazima atangaze maradhi na kasoro zake, na kama ni mtumwa aseme pia kama ana tabia ya kutoroka. Asiposema, mnunuzi alikuwa na miezi sita ya kurudisha mali na kudai fedha zake.

Sitaki kupita hapa haraka. Sisi wa pwani hii, ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, tunapaswa kuguswa kidogo tukijua kwamba sheria za kumlinda mnunuzi, zile ambazo leo tunazidai kwa sababu ya simu na majokofu, zilinolewa juu ya watu waliouzwa. Na kuna jambo jingine la kutisha. Katika kesi zile, aliyekuwa anaijua kasoro kuliko wote alikuwa amesimama palepale, ana mdomo na anasikia. Hakuna aliyemuuliza. Waliulizana wao kwa wao.

Tukiliacha hilo, tunaona kwamba katika mifano yote miwili mzigo umemwangukia muuzaji. Kwa nini yeye? Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero alimwandikia mwanawe, aliyekuwa masomoni Athene, kitabu kuhusu wajibu. Katika sehemu ya tatu anasimulia mabishano ya wanafalsafa wawili wa Kistoa, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Mfano wao mmoja ni nyumba. Mtu anauza nyumba kwa sababu ya kasoro ambazo anazijua yeye peke yake: watu wanadhani ina hewa nzuri kumbe inaleta maradhi, vyumbani mnatokea nyoka, mbao zake zimechoka. Akinyamaza akachukua fedha, ametenda haki? Antipater anasema hapana, huyo ni mbaya kuliko anayekataa kumwonyesha njia mtu aliyepotea. Diogenes anasema, kwani nani kakulazimisha kununua? Kutosema siyo kuficha, na hakuna dalali mwenye akili atakayepanda jukwaani kunadi nyumba ya maradhi.

Huyu Diogenes angepata kazi Kariakoo siku hiyohiyo. Cicero, kwa upande wake, anasimama na Antipater. Lakini ninachotaka tukitazame ni kile ambacho wote wawili wanakichukulia kuwa kipo tayari, bila kukibishania: kama kuna wajibu wowote wa kusema, unamwangukia anayejua. Hawagombani kuhusu mnunuzi. Mnunuzi hajui nyoka wako chumba gani, atasema nini?

Mwingereza Lord Mansfield alikuja kulisema jambo hilohilo kisheria mwaka 1766, katika kesi ya bima ya ngome moja huko Sumatra. Anayekata bima, alisema, anajua mambo ambayo kampuni haiyajui, kwa hiyo lazima ayaseme. Watu wanakumbuka sehemu hiyo tu. Wanasahau kwamba katika kesi ile aliyekata bima alishinda, na sababu mojawapo ni kwamba mwenye bima angeweza kuyajua mambo yale mwenyewe kama angejisumbua. Ukweli unadaiwa kutoka kwa anayeujua, na asiyejishughulisha kujua asije baadaye kulia kwamba hakuambiwa.

Sasa rudi kwenye ile fomu. Swali la jasho haulizwi aliyetengeneza, anaulizwa aliyenunua. Nitoe mfano ninaoujua kwa karibu.

Nina rafiki yangu, mpiga kinanda katika bendi inayopiga kwenye kumbi za Dar es Salaam mwisho wa wiki na kwenye harusi siku nyingine. Wapigaji wengi wa siku hizi hawategemei tena yale maspika ya kulazwa sakafuni mbele ya miguu ili wajisikie. Wanavaa hedifoni ndogo zinazozama sikioni na kuziba kelele za nje. Mtindo huu ulishika kasi tangu mwaka 1995, pale Jerry Harvey, fundi wa sauti aliyekuwa na bendi ya Van Halen, alipomtengenezea mpiga ngoma wao, Alex Van Halen, hedifoni za namna hiyo, na kutoka hapo biashara nzima ikazaliwa. Ndani ya kila upande wa hedifoni ghali za aina hii kuna vispika vidogo, vingine vinakaribia punje ya mchele, na vinaweza kuwa vitano au sita. Kila kimoja na kazi yake: hiki besi, kile sauti ya mwimbaji, kile matoazi. Vinaunganishwa kwa nyaya nyembamba kama unywele, kisha vinafungiwa kwenye ganda la plastiki kwa gundi. Hakuna skrubu hata moja. Waya wa nje unachomekwa kwenye kitundu kidogo cha chuma juu ya ganda, na kila mara mwenye nacho anapouvua na kuuvaa, kitundu kile kinavutwa kidogo.

Rafiki yangu alijikusanya mwaka mzima, akanunua yake kupitia ndugu aliyeko Dubai, kwa zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Waranti ya miaka miwili. Mwezi wa kumi na moja, katikati ya harusi, upande wa kushoto ukaanza kukwaruza, ukaenda ukarudi, mwisho ukanyamaza kabisa. Akamaliza shughuli kwa sikio moja. Kampuni ina wakala hapa mjini, akaenda Jumatatu yake. Dada wa kaunta, mpole kabisa, akampa fomu. Akaijaza vizuri mpaka alipofika kwenye jasho.

Hebu fikiria. Dar es Salaam, mwezi wa pili, ukumbi wa harusi, mtu amevaa suti na anapiga kinanda saa tano. Kifaa chenyewe kimeuzwa kwa picha ya mwanamuziki jukwaani, shingo inang'aa. Halafu fomu inauliza kama kimewahi kugusana na jasho. Ni sawasawa na kununua jembe, likatika mpini, ukaulizwa kama limewahi kugusana na udongo.

Dada akaona kasita. Akamwambia kwa sauti ya chini, "Kaka, weka tu hapana. Wote wanaweka hapana."

Akaweka ndiyo.

Baada ya wiki tatu hedifoni zikarudi na barua ya mistari minne. Madai yamekataliwa, uharibifu wa unyevu haumo kwenye waranti, lakini kama mteja wa thamani anapewa punguzo akinunua mpya. Ganda lilikuwa zima, na gundi yake ni ileile ya kiwandani. Hakuna aliyeifungua kuangalia.

Kwenye kundi letu la WhatsApp walimcheka siku mbili. Mmoja aliandika kwamba ujinga nao unalipiwa kodi. Mwingine, msomaji mzuri tu wa vitabu, alitoa hoja ambayo siwezi kuipuuza: uongo ni dhambi kwa mtu, kampuni siyo mtu. Haina moyo wa kuumia, haina usiku wa kukosa usingizi. Ukiidanganya, nani kadanganywa?

Hoja hiyo ina babu yake. Mwaka 1797 Mfaransa Benjamin Constant alisema kwamba kusema kweli ni wajibu, sawa, lakini ni wajibu kwa yule tu mwenye haki ya kuujua ukweli huo. Muuaji akibisha hodi akauliza rafiki yako kajificha wapi, hana haki hiyo. Kant akamjibu mwaka uleule, kwa ukali ambao umewashangaza wasomaji mpaka leo, kwamba hata muuaji hupaswi kumdanganya, maana ukishatoboa tundu moja kwenye neno la binadamu, maneno yote yanavuja, na mikataba nayo inavuja. Kwenye habari ya muuaji mlangoni mimi niko na Constant, na nadhani karibu kila mtu aliyelelewa kwenye nyumba yenye mlango yuko naye. Lakini kwenye habari ya fomu?

Tujaribu. Je, kampuni ina haki ya kujua kama hedifoni ziligusana na jasho? Ina haki ya kujua kama jasho ndilo lililoziua, ndiyo. Ingekuwa mtu amezisahau mfukoni zikafuliwa na suruali, halafu anadai mpya, anachodai ni kwamba wenzake wote wanaonunua hedifoni zile wamlipie uzembe wake, maana gharama ya waranti iko ndani ya bei. Watu wa namna hiyo wapo, tusijidanganye. Wapo wanaorudisha kifaa feki kwenye boksi la kifaa halisi. Wapo wanaopigia hesabu mwezi wa mwisho wa waranti ili wapate kipya. Mtu wa kaunta amewaona wote, na nikiwa mkweli, ningekuwa mimi mwenye kampuni ningetafuta namna ya kuwachuja.

Ila swali halikuuliza jasho lilifanya nini. Liliuliza kama lilikuwepo. Kuwepo kwa jasho kwenye sikio la mpiga kinanda hakuhitaji uchunguzi, ni kama kuwepo kwa chumvi baharini. Kwa hiyo anayejibu "ndiyo" hajaiambia kampuni chochote isichokijua, na anayejibu "hapana" amedanganya kuhusu jambo ambalo kampuni inajua kuwa ni uongo. Wote wawili wanalijua hilo, na dada wa kaunta analijua. Fomu ile haichuji vifaa vilivyoloa. Inachuja wasema kweli.

Hapo ndipo hoja ya yule mwenzetu wa kundini inaponishinda nusu na kunishindia nusu. Ni kweli kampuni haikosi usingizi. Lakini kila "hapana" inayowekwa inakwenda kuwa takwimu, na takwimu zinasema swali halimuumizi mtu, kila mteja analijibu bila shida, liendelee. Mwongo anajiokoa yeye na anamwachia fomu mtu anayefuata. Nisimlaumu sana; milioni moja na nusu ni hela. Nasema tu kwamba aliyeumia yupo, naye ni mtu. Ni yule anayekuja kaunta kesho akiwa hajui kwamba wote wanaweka hapana.

Je, rafiki yangu alipaswa kuweka ndiyo? Nimebishana naye sana hapa. Kwa maoni yangu hakudaiwa jibu la swali lile kwa umbo lile. Kutodanganya ni wajibu, kujibu mtego siyo wajibu. Angeweza kuviacha vijisanduku vyote viwili vitupu akaandika pembeni, kwa mkono, mistari miwili: nimezitumia jukwaani kama zilivyotangazwa, jasho lilikuwepo tangu siku ya kwanza, zimekufa mwezi wa kumi na moja, tafadhali fungueni mtazame. Huo ndio ukweli wote anaoujua. Yeye anasema kompyuta ya dada isingeupokea. Labda. Lakini kama kompyuta haipokei ukweli, basi tumeshajua jambo jingine kuhusu kampuni.

Na neno "fungueni" ndilo kiini chenyewe. Waswahili tuna usemi wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mnunuzi mjinga ni yule anayelipa kabla hajaona ndani. Lakini hata mjinga huyo akifika nyumbani anafungua gunia, anakuta paka, anajua ameibiwa. Hawa wa siku hizi wameongeza sharti: gunia ni lako, mbuzi ni wako, ila ukilifungua tu, mambo yetu na wewe yamekwisha. Na mbuzi akiacha kulia, tueleze ulimfanya nini.

Rafiki yangu, kwa kuwa waranti ilishakufa, alizipeleka Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kwa fundi mmoja kijana ambaye kazi yake hasa ni simu. Kijana akaigeuza geuza, akasema, "Mkuu, nikifungua hii waranti ndo basi tena." Akajibiwa kwamba marehemu haogopi kunyongwa. Akaipuliza hewa ya moto taratibu mpaka gundi ikalegea, akaingiza wembe kwenye mshono, ganda likaachia. Kisha akafanya kitu ambacho rafiki yangu amekisimulia mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mkasa huu. Alisogea pembeni akampa lenzi: "Njoo uone mwenyewe."

Hakukuwa na kutu. Hakukuwa na ule unga mweupe unaoachwa na chumvi ya jasho. Vispika vilikuwa safi, nyaya safi. Waya mmoja ulikuwa umeachia pale unapokutana na kitundu cha chuma, na risasi iliyokuwa imeushika ilikuwa ya kijivu, haing'ai, ina chengachenga. Kwa fundi hiyo ni lugha: risasi haikuyeyuka vizuri tangu kiwandani, ikashika juujuu, na waya wa nje ulivyokuwa ukivuliwa na kuvaliwa kwa miezi kumi na moja, ikachoka. Jasho halikuhusika. Akaichomelea upya kwa dakika chache, akaunganisha ganda kwa gundi. Elfu ishirini. Sauti ikarudi yote, besi na matoazi.

Unaweza kusema fundi naye ana masilahi yake, na nani ajuaye kama alichokiona ndicho. Sawa, lakini alionyesha. Kampuni iliuliza, fundi akaonyesha, na mimi naona umbali mkubwa kati ya vitendo hivyo viwili. Anayeuliza anataka maneno yako ayatumie. Anayeonyesha anakupa nafasi ya kumpinga.

Sasa tazama rafiki yangu alipobaki. Ana ukweli kamili mkononi: kasoro ya kiwandani, aina ileile ambayo waranti iliandikwa kwa ajili yake. Lakini ukweli huo aliupata kwa kufanya tendo pekee lililokatazwa. Akirudi kwa wakala na picha za ile risasi, jibu analijua kabla hajafungua mdomo: umefungua. Na asingefungua asingejua. Kwa hiyo kabla ya kufungua alidaiwa ukweli asioujua, na baada ya kufungua ana ukweli usiopokelewa. Cicero na wale wenzake wawili walibishana kuhusu anayejua na kunyamaza. Sidhani waliwahi kufikiria mkataba unaomtoza ukweli mtu, halafu unamkataza kwenda kuuchukua ulipo.

Wapo waliojaribu kulirekebisha. Marekani ina sheria ya waranti ya mwaka 1975, na Aprili 2018 tume yao ya biashara, FTC, ilizionya kwa barua kampuni sita zilizokuwa zikiwaambia wateja kwamba waranti inakufa wakitumia vipuri au mafundi wengine, au stika fulani ikibanduliwa. Tume ilisema masharti ya namna hiyo, kwa jumla, yanakwenda kinyume na sheria. Umoja wa Ulaya ulikwenda kwenye mzizi zaidi, kwa maoni yangu. Agizo lao la mwaka 2019 kuhusu uuzaji wa bidhaa linasema kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka mmoja, inachukuliwa kwamba ilikuwepo tangu siku ya kukabidhiwa, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Yaani gunia alifungue yeye. Mnunuzi haulizwi habari za jasho ili ajihukumu. Muuzaji ndiye anayepaswa kutafuta chumvi na kuionyesha. Mwezi wa kumi na moja, angalia, umo ndani ya mwaka.

Mimi si mwanasheria, na kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinachompa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili nakisoma kama ninavyosoma maandishi mengine mazuri, kwa kupenda na kwa mashaka. Kati ya kifungu na kaunta kuna nauli, kuna wiki tatu za kusubiri, kuna mtu anayehitaji sikio lake la kushoto kwa ajili ya harusi ya Jumamosi. Wengi wetu tunaishia Aggrey. Kwa fundi kuna dhamana pia, isiyoandikwa: "Ikisumbua ndani ya wiki mbili, rudi." Rafiki yangu anasema hakuulizwa atazitumiaje.

Kuna kipande cha mwisho, na ndicho kilichonifanya nikae kuandika. Mwezi uliopita rafiki yangu alipata hedifoni nyingine, akaamua kuziuza hizi. Akajitokeza kijana mpiga gitaa, anazijua kwa jina na kwa sifa, akataja laki nane kabla hata hajazijaribu. Akazivaa, akasikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho akiwa amefumba macho, akavua akasema yuko tayari kutuma hela hapohapo kwa simu. Mshono wa gundi ya Aggrey hauonekani mpaka uambiwe utazame wapi.

Safari hii anayejua ni yeye. Diogenes angemwambia anyamaze, kijana hajauliza, na amejaribu mwenyewe. Sauti kweli ni nzima, pengine kiungo kile sasa ni imara kuliko kilivyotoka kiwandani. Aliniambia kwamba alikaa kimya kama nusu dakika, na kwamba ilikuwa nusu dakika ndefu. Kisha akamweleza yote: harusi, fomu, barua, wembe, risasi ya kijivu. Akamwonyesha mshono, na akamwambia kwamba upande wa kulia haujafunguliwa, kwa hiyo risasi yake haijulikani ikoje.

Kijana akafikiri, akashuka mpaka laki nne. Wakamalizana kwa laki nne na nusu, na namba ya simu ya fundi.